MTUMIAJI NI NANI?

(Hotuba iliyosomwa Ipililo katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, mbele ya waalimu na wanafunzi wa sasa)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, waalimu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mliochagua kukaa nyuma karibu na mlango ili hotuba ikizidi mpate pa kutokea: mwadila.

Wasemaji walionitangulia wamekwisha kugawana mambo makubwa. Mmoja amechukua kilimo cha pamba, mwingine maadili, mwingine historia ya mkoa wetu tangu ulipokatwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 ukaitwa Simiyu. Mimi nimebakiwa na jikoni. Sikulalamika, maana kila aliyesema hapa atakwenda jikoni mchana huu, angalau kuchungulia kama wali umeiva.

Madhumuni ya hotuba yangu ni kusifu kitabu ambacho hakuna mwalimu aliyekifundisha wala mtihani uliokiuliza. Nacho ni kile kijitabu kidogo kinachokuja ndani ya boksi la pasi, birika la umeme, jiko la gesi, sufuria ya presha au friji. Watu wengi hukitupa pamoja na boksi. Wengine hukipeleka kwa muuza karanga akafungie karanga zake. Ninakisifu kwa sababu kimeamua ugomvi wa nyumbani kwa upole, bila ya kikao cha ukoo na bila ya mtu kurudi kwao.

Tuanze na ugomvi wa umeme. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, ulipoanza kusambaza nguzo vijijini, nyumba nyingi zimepata taa na pia zimepata swali jipya: nani amemaliza uniti za LUKU? Mita inalia usiku, taa inazimika, na kesi inaanza gizani. Baba anasema pasi ya mama imekula umeme. Mama anasema redio ya baba haizimwi tangu taarifa ya habari ya asubuhi. Watoto wanasingiziwa taa ya chumbani. Zamani kesi hiyo iliamuliwa kwa sauti: mwenye sauti kubwa ndiye aliyeshinda.

Siku hizi yuko hakimu. Mgeuze pasi chali, au fungua kijitabu chake ukurasa wa mwanzo, utaona imeandikwa wati 1,000. Geuza na redio, utaona pengine wati 10. Kijana wa kidato cha pili anajua kwamba uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Basi redio hiyo italia saa 100 kabla ya kufikia umeme ambao pasi hiyo ingekula kwa saa moja ya kuwaka mfululizo. Hapo baba anakohoa kwa ushindi na kuongeza sauti ya redio. Lakini subirini, wazee. Kijana akiendelea kusoma atauliza: pasi hiyo ilikuwa inanyoosha shati la nani? Kijitabu kinataja kiasi cha umeme peke yake. Shati linamtaja mwenyewe.

Na birika je? Birika la wati 2,000 likichemsha maji kwa dakika 6 limekula sehemu 2 za kumi ya uniti. Kwa hiyo anayejaza birika zima ili anywe kikombe kimoja analipia vikombe asivyovinywa. Hayo ni mahesabu ya darasani, nayo yanakata maneno kuliko methali kumi.

Nikiwa bado kwenye pasi, niseme jambo moja la kujivunia. Angalieni lebo ndogo iliyoshonwa ndani ya kola ya shati lako. Utaona picha ya karai la maji, pembetatu, mraba, pasi na duara. Alama hizo zinasimamiwa na chama kilichoundwa Paris mwaka 1963, kiitwacho GINETEX, ili mfuaji wa nchi yoyote aelewe bila ya kujua lugha ya kiwanda. Karai ni kufua, pembetatu ni dawa ya kung'arisha, mraba ni kukausha, duara ni kazi ya dobi wa mitambo. Ndani ya picha ya pasi mna vidoto. Kidoto kimoja ni moto mdogo, kama nyuzi 110, kwa nguo kama za nailoni. Viwili ni kama nyuzi 150. Vitatu ni kama nyuzi 200, navyo ni vya nguo ya pamba. Ndugu zangu, pamba yetu hii tunayoipalilia kwenye jua la Simiyu ndiyo inayovumilia moto kuliko hiyo nailoni ya kujidai mjini. Nimeona niwaambieni, ili mnapovaa shati la pamba msimame wima kidogo.

Lebo hiyo inaamua kesi nyingine ya zamani: nani aliyeunguza suruali? Kama suruali ina kidoto kimoja na pasi ilisimamishwa kwenye vitatu, hakuna haja ya kumwita shangazi kutoka Bariadi aje kusuluhisha. Aliyezungusha kile kidude cha pasi ndiye mwenye kesi. Ila mwenye suruali aliyekuwa amekaa kibarazani akipiga soga, huku lebo iko kwenye suruali yake mwenyewe, naye asitoe macho sana.

Sasa nije kwenye sufuria ya presha, maana hapo ndipo kijitabu kilipofanya kazi kubwa.

Mnajua kwamba Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nasi hatuko chini yake. Kwa ajili hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 96, wala hayafiki 100 kama kwenye kitabu cha fizikia. Ndiyo maana makande na dengu vinakawia. Atakayekaa karibu na moto, kuongeza kuni na kuongeza maji, kwa desturi amekuwa mama au binti. Sufuria ya presha inaufungia mvuke ndani, joto linapanda hadi nyuzi 115 au 120 hivi, na maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa muda mfupi sana kuliko kwenye chungu cha wazi. Aliyeibuni ni Mfaransa Denis Papin, mwaka 1679, akiwa London. Akaiwekea na kilango cha kupunguzia mvuke ili isipasuke. Tena mwaka 1681 alichapa kitabu cha kueleza chombo chenyewe na namna ya kupikia nacho. Yaani sufuria ya presha imekuwa na maelezo yake takriban tangu kuzaliwa, na mwandishi wake wa kwanza alikuwa mwanamume. Nawaomba akina baba muandike jina hilo mahali: Papin.

Kwa nini nasema kijitabu kilifanya kazi kubwa? Kwa sababu kimemwondoa nyumbani mtu mmoja mashuhuri aitwaye Bwana Sijui. Bwana Sijui ni yule ambaye, mama akiugua au akisafiri kwenda msibani, husimama katikati ya jiko mikono kiunoni. Aulizwapo mbona watoto wana njaa, hujibu, "Mimi sijui kupika." Husema kwa fahari, kana kwamba amesema hajawahi kuiba. Lakini mtu huyo huyo anaifungua injini ya pikipiki na kuirudisha yote, na anaijua timu ya mpira yote pamoja na wa akiba.

Kijitabu kinamjibu kwa namba. Moja: loweka maharage usiku. Mbili: usijaze sufuria kupita theluthi mbili, na kwa maharage au nafaka ishie nusu, maana povu huziba kilango. Tatu: funga mfuniko mpaka alama zikutane. Nne: mvuke ukianza kutoka, punguza moto. Tano: usifungue mpaka presha yote imetoka. Mambo matano tu! Aliyefaulu kidato cha nne hawezi kushindwa mambo matano yenye namba. Akisema bado hajui, basi hataki, na neno la kutotaka linajadiliwa kwa namna nyingine.

Yupo mzee mmoja, sitasema wa wapi, aliyeletewa sufuria hiyo na mwanawe kutoka mjini. Alikisoma kijitabu kuanzia jalada mpaka mwisho, maana alikuwa karani na haachi karatasi. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, mimi macho hayaoni maandishi madogo hayo. Aliyekisoma ndiye anayekijua." Tangu siku hiyo dengu zinapikwa na yeye. Mwanzoni alifunga mlango wa jiko majirani wasimwone. Siku hizi anaufungua, tena anawafokea wanaopita wakidhani ule mlio wa mvuke ni nyoka.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nifike kwenye neno lenyewe lililonipa kichwa cha hotuba. Ukikitafsiri kijitabu chochote kwa Kiswahili, neno litakalokujia kila ukurasa ni "mtumiaji". Mtumiaji achomoe waya kabla ya kusafisha. Mtumiaji amwage maji yaliyobaki. Mtumiaji afute chombo kwa kitambaa kikavu. Kiswahili chetu, katika ngeli ya mtu, hakitengi mke na mume. Mtumiaji ni a-, kama vile mwalimu ni a-, mpishi ni a-, na rais ni a-. Kwa hiyo anayetaka kusema kwamba kijitabu kimeagiza mama ndiye afute jiko, hana budi kwanza akalete sarufi nyingine.

Naam, wajanja hawakosekani. Mmoja aliniambia, "Ndugu, umekosea. Mimi si mtumiaji, mimi ni mlaji." Nikacheka, lakini nikamkumbusha kwamba katika habari za biashara mlaji ni yule ambaye bidhaa inatengenezwa kwa ajili yake, na analindwa na sheria. Hakuna mahali ambapo mlaji amesamehewa kuosha sahani.

Na katika nyumba za Ipililo liko jambo jingine. Kijitabu mara nyingi kina Kiingereza, Kichina, Kiarabu na Kifaransa, na Kiswahili hakimo. Basi madaraka ya nyumba yanahamia kwa mtoto aliye sekondari. Bibi, baba na mama wanakaa, mtoto anasoma na kufasiri. Vijana, hapo mnapewa ukalimani, na mkalimani ana amana. Nimesikia habari za kijana aliyefika penye onyo kwamba chombo kiwekwe mbali na watoto, akalifasiri hivi: "Hapa wanasema kijana wa shule asiguse jiko hili wala vyombo vyake, hata kuviosha." Kwa muda wa likizo nzima alikaa kama sultani. Dada yake alipofungua shule akakisoma naye. Alikuta kwamba, kama vijitabu vingi vya Ulaya vinavyosema, mtoto wa miaka 8 na kuendelea anaweza kukitumia chombo akiwa anaangaliwa na kuelezwa hatari zake. Yule kijana alikuwa na miaka 16. Likizo iliyofuata aliosha vyombo vya likizo mbili.

Tucheke, lakini ndani ya kicheko hicho mna jambo zito. Kufasiri vibaya kunaweza kuua. Jiko la gesi lina onyo: ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe kiberiti wala kugusa swichi ya taa. Ukitaka kujua mpira unavuja, paka maji ya sabuni uone mapovu, usiujaribu kwa moto. Na mkaa usiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, maana una hewa ya sumu isiyo na harufu. Haya hayana utani. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati hiyo. Mitungi na majiko mengi yataingia katika nyumba ambazo hazijawahi kuwa navyo. Nani atawasomea wazee wetu maonyo? Ninyi mliokaa karibu na mlango.

Sasa niulize swali gumu. Je, chombo kikija, kazi inapungua? Mwanahistoria mmoja wa Marekani, Ruth Schwartz Cowan, aliandika kitabu mwaka 1983 kuonyesha kwamba katika nyumba za kwao majiko ya kisasa na mashine za kufulia hazikumpunguzia mama kazi kama ilivyotangazwa. Zamani baba alipasua kuni na watoto walibeba maji. Jiko jipya lilipokuja, baba na watoto ndio waliopumzika, mama akabaki na jiko. Tena kwa vile kufua kulikuwa rahisi, watu wakataka nguo safi kila siku, na kazi ikarudi pale pale. Chombo kiliwakomboa waliokuwa wakisaidia.

Kwetu tumeona mfano wa namna nyingine, nao unatupa moyo. Bibi zetu walisaga mtama kwenye jiwe, wamepiga magoti, na ilikuwa ni kazi ya wanawake tu. Kijana wa kiume akionekana kwenye jiwe angetungiwa wimbo. Mashine ya kusaga ilipokuja, debe likapanda juu ya baiskeli, na mwendesha baiskeli akawa yule yule kijana wa kiume. Leo anapeleka mahindi mashineni, anapanga foleni, anarudi na unga mpaka kwenye nyusi, wala hatungiwi wimbo. Nani alibadilisha desturi? Hakuna mkutano ulioitishwa. Desturi ilifuata chombo, na watu wakaizoea. Basi asitokee mtu kutuambia kwamba kazi fulani imeandikwa kwenye damu.

Nasi tuliopita shuleni tunalijua hilo kuliko wengine. Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, mwanafunzi wa Tanzania ameshika jembe, ufagio na ndoo. Tulifagia, tukadeki, tukafua, tukapangwa zamu ubaoni kwa majina. Sikumbuki mvulana hata mmoja aliyemwambia kiranja kwamba kudeki ni kazi ya dada yake. Ajabu ni kwamba maarifa hayo yote huanguka njiani, mahali fulani kati ya shule na mlango wa nyumbani, na kijana anaingia ndani akiuliza, "Mama, maji ya kuoga yako wapi?"

Wakati huo huo dada yake, aliyekaa naye darasa moja na anayefanya mtihani ule ule, anatoka shule akichukua ndoo, kisha kuni, kisha sufuria. Anapofungua daftari usiku macho yamekwisha. Hesabu anazokosa kesho yake hazikukosewa darasani, zilikosewa kisimani. Hili ndilo lililonifanya nikubali kuzungumza habari za pasi na birika mbele ya watu wazima. Saa moja ya mtoto wa kike ikipatikana nyumbani, ni saa moja ya masomo.

Na wazee wanaodhani kazi ya nyumbani si kazi, niwapeleke mahakamani kidogo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inazungumza juu ya kugawana mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu siku ile kwa sababu nyingine za shauri lake, lakini kanuni ilibaki. Kwa hiyo kupika, kufua na kulea ni kazi mbele ya sheria ya nchi. Na kama ni kazi, inaweza kupangwa na kugawanywa kama kazi nyingine yoyote.

Ndugu Mwenyekiti, nimekisifu kijitabu vya kutosha. Sasa niseme na mpaka wake. Kijitabu kinajua namna ya kufanya, hakijui zamu ni ya nani. Kinasema friji isiwekewe chakula cha moto, na hakijui nani amerudi shamba akiwa hoi. Kile cha mashine ya kufulia kinaagiza mifuko yote ikaguliwe kabla ya kufua, na hakisemi nani akague mifuko ya baba. Hapo, nasikia, nyumba nyingine mpaka leo hazijaelewana. Mambo hayo yanahitaji watu kukaa na kuzungumza, na mwenye nguvu kukubali kusikia.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu, kisha nikae.

La kwanza, kijitabu kisitupwe. Kitiwe kwenye mfuko wa nailoni na kuning'inizwa kwenye msumari jikoni, kila mtu akione.

La pili, kila mwanafunzi akienda likizo afasiri kijitabu kimoja kwa Kiswahili safi, kwa mwandiko unaosomeka, asiongeze wala asipunguze. Akisome kwa sauti mbele ya wote, pamoja na maonyo. Mwalimu wa Kiswahili akitaka kukisahihisha, itakuwa zoezi zuri kuliko insha ya "Siku Nitakayoikumbuka".

La tatu, karibu na kijitabu hicho ibandikwe karatasi ya zamu kama ile ya shule, yenye majina ya watu wote wa nyumba. Nimesema wote. Jina la baba liwemo, hata kama ni kwa birika la Jumapili tu. Birika lina swichi moja, naye kwa kuanzia anaiweza.

Nimeambiwa chakula kiko tayari. Naomba tukienda huko tule kwa furaha, na tukimaliza tukumbuke kwamba sahani nazo zina watumiaji.